Nani Aliijenga Njia ya Mawe?

Siku ya kuniaga mlinitaka niseme maneno. Nikasimama mbele ya halwa na keki, nikasema ahsanteni, nikakaa. Wengine mlidhani nimeona haya. Sikuona haya. Nilikuwa nafikiria njia ya mawe nyuma ya soko la Matrah, hapa Maskati, na nilijua nikianza kuisimulia kahawa itapoa na wakubwa watatazama saa zao. Basi nawaandikia sasa, nyinyi mliobaki kwenye idara ya barabara, khasa nyinyi wasichana wawili mliokuja na kofia ngumu ambazo bado zinang'aa. Kazi hii nimeianza sijaolewa na nimeiacha nna wajukuu. Vyeo nilivyopewa humo katikati mtavikuta kwenye faili langu, kwa hiyo hapa siviandiki.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Khuwair ya Kusini. Msiifikirie kama mnavyoiona leo, na maduka yake na magari yanayogombea kivuli. Wakati ule ilikuwa mchanga, migunga, na vigingi vya mbao vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Nimetoka masomoni, najua kukokotoa uzito ambao daraja linaweza kubeba, sijawahi kushika koleo. Nikakabidhiwa kwa Bwana Harith, mkuu wa wapimaji. Yeye kazaliwa Bujumbura, miye Unguja, na Kiswahili chake na changu kilikuwa kinapishana kama magari kwenye mzunguko, kila mmoja anamsubiri mwenzake apite.

"Niletee pimamaji," akaniambia.

Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa fundi. Neno lile sikuwahi kulisikia. Nikaenda kwenye tangi la maji, nikatafuta kijiti, nikakitumbukiza, nikarudi mbio.

"Limejaa nusu," nikasema.

Bwana Harith akanitazama. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Vizuri kujua," akasema, kisha akatoa garini kile kipande cha mbao chenye kichupa cha kioo na povu ndani yake, akakiweka juu ya ukingo wa zege, akaniita nitazame povu limekaa wapi. Tangu hapo nikatembea na pimamaji mkobani, pamoja na uzi, chaki na tende. Mlikuwa mkinicheka kwa hilo. Leza zenu za kupimia ni nzuri, lakini zikipata joto la mwezi wa saba zinasema mambo ya ajabu.

Bwana Harith ndiye aliyenifundisha kulala kifudifudi barabarani, shavu juu ya lami, ili nione mabonde ambayo mtu aliyesimama hayaoni. Mtoto wa kike wa Kiislamu, na abaya yangu, nimelala barabarani Khuwair na madereva wanapunguza mwendo kuuliza nani kagongwa. Alinifundisha pia kwamba kabla ya kuchimba mbele ya mlango wa mtu, umuulize mwenye mlango. Anajua maji yalikopita mvua iliyopita, anajua bomba lilipofukiwa. Qurum nikamuuliza tajiri mmoja, akaniambia anataka barabara ipinde kidogo ili taa za magari zisimulike majlisi yake ya wageni. Qurayyat nikamuuliza mama mmoja anayeanika samaki, akaninyooshea kidole mahali ambapo wadi, ule mto mkavu unaofurika mvua ikija, itavunja barabara, nikaandika, wakubwa wakasoma, wadi ikavunja mahali pengine kabisa. Mama yule tulipokutana tena akaniambia hata yeye hajui imekuwaje.

Hiyo tabia ya kuuliza ndiyo iliyonitia kwenye mkanganyo wa Matrah.

Nilikuwa nakaribia mwisho wa kazi nilipopewa njia ile. Ni fupi, nyembamba, nyumba kongwe pande zote mbili, na gari dogo hupita kwa kukunja vioo. Kwenye karatasi ilikuwa kazi nyepesi: tubandue lami iliyopasuka, tulaze mabomba ya maji ya mvua, tutandike matofali ya saruji, tuondoke. Asubuhi ya kwanza mashine ikabandua lami, na chini yake tukakuta mawe.

Si mawe yaliyomwagwa. Yamepangwa, kila jiwe limebanwa na jirani yake, na katikati yameshikizwa kwa ule udongo wa kuchomwa ambao watu wa hapa wanauita saruj. Neno letu la saruji, nadhani, limetoka humo humo. Nikawasimamisha mafundi, nikavua viatu, nikatembea juu yake. Yalikuwa laini kama sakafu ya msikiti.

Kisha nikaanza kuyatazama kwa jicho la kazi, na ndipo kichwa kiliponizunguka. Nusu ya njia, upande wa soko, mawe yalikuwa makubwa na meusi. Nusu ya pili, upande wa mlima, yalikuwa madogo, meupe, yamechongwa. Na mteremko! Upande wa mlima unashuka, sawa. Lakini upande wa soko nao unashuka, kuelekea mlimani. Nusu mbili zinateremka zikakutana katikati, mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani. Mwenye akili gani anajenga njia inayokusanya maji ya mtaa mzima na kuyapeleka mlangoni kwa mtu mmoja? Nikapima. Nikapima tena. Nikaweka uzi, nikaweka darubini, nikalala kifudifudi nikiwa mtu mzima na magoti yanalia. Jibu lilikuwa lile lile. Tukatafuta tundu, mfereji, mfuniko, chochote cha kupokea maji. Hakuna.

Nikampigia simu Bwana Harith, aliyekwishastaafu zamani. Mwanawe akamleta. Akatembea na mkongojo wake juu na chini, akapiga jiwe hili na lile, akanusa hata ule udongo. Nikasubiri.

"Sijui," akasema.

Miaka yote niliyokuwa chini yake sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Tukatazamana, kisha akaomba maji ya kunywa akarudi kwao.

Khabari zikafika juu. Wakubwa wakaja na kanzu nyeupe, wakapiga picha, wakafurahi. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale akasema njia ni ya mwanzoni mwa karne iliyopita, na nusu nyeusi ndiyo ya kwanza. Wiki iliyofuata akaja mwenziwe, akakubali juu ya karne na akaapa kwamba nusu nyeupe ndiyo ya kwanza. Ikaamuliwa mawe yabaki, yasafishwe, na penye mdomo wa njia liwekwe bamba la marumaru linalosema nani aliyejenga.

"Bi Raya," mkubwa wangu akaniambia, "wewe unasikilizana na watu wa pale. Tuletee jina."

Mtaa ule una familia nyingi zilizokuwa na mguu mmoja hapa na mmoja Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimefika pale kabla yangu. Nikaanza na mlango wa kijani. Akanifungulia Rehema, mama wa makamo kutoka Singida, ndiye anayemtunza mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe, Bi Zamzam, alikuwa amekaa juu ya godoro karibu na dirisha, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Aliyejenga?" akasema. "Babu yangu, Mzee Feruzi. Kila mtu anajua."

Nikashukuru, nikapanda upande wa mlima, nyumba ya kona. Pale anakaa Ami Mahmoud, mzee aliyekuwa na duka la vitambaa sokoni mpaka alipowaachia wanawe.

"Aliyejenga?" akasema. "Babu yangu, Sheikh Nasor. Kila mtu anajua."

Nikajaribu milango mingine. Mmoja akanambia ni Wareno. Mwengine akanambia ni mgeni mmoja aliyekuja na meli na hakuweza kutembea kwenye matope. Bibi mmoja akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba njia ilijengwa mwaka alioolewa yeye, na alipoona nahesabu kichwani akakasirika.

Nikarudi kwa wawili wa mwanzo kwa sababu wao walikuwa na majina. Tena nilikuwa nimeona jinsi walivyo. Kila alasiri Ami Mahmoud hushuka na fimbo yake akakaa kwenye baraza ya Bi Zamzam, nje, chini ya kile kijidirisha. Rehema huleta kahawa na tende. Ijumaa Ami Mahmoud huleta samaki, Bi Zamzam humrudishia sahani ina mkate wa kumimina, maana sahani hairudi tupu. Wanaitana binami. "Binami, kahawa imepoa." "Binami, umezidi uzee." Ndivyo walivyokuwa tangu utotoni, na mtaa mzima uliwajua kama watu wa ukoo mmoja.

Nikadhani mambo yatakuwa mepesi wakikaa pamoja. Alasiri moja nikakaa nao barazani, mafundi wanasafisha mawe hatua chache kutoka pale, nikauliza tena.

"Nimekwishakwambia," Bi Zamzam akasema. "Babu Feruzi. Bibi alikuwa akitusimulia, babu akirudi jioni viganja vimechubuka, anampaka mafuta ya nazi."

Ami Mahmoud akatabasamu. "Viganja sawa. Lakini mawe yalitoka wapi? Nani aliyeyaleta kwa punda? Nani aliyelisha mafundi? Babu yangu."

"Kulisha si kujenga."

"Binami, mtu akijenga nyumba, anapanga matofali mwenyewe?"

"Babu yako alikuwa hata hajui jiwe linashikwa vipi."

Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama. Nikataka kuingia kati, sikujua niingilie wapi. Ami Mahmoud uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Zamzam, usinilazimishe niseme."

"Sema."

"Mzee Feruzi alikuwa mtu wa babu yangu."

"Mtu wake vipi?"

"Mtu wake." Akatazama chini, kisha akainua macho. "Mtumwa wake."

Mafundi Wabangali hawakujua kilichosemwa, makoleo yao yakaendelea kukwaruza. Rehema alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Mimi nilikuwa nimetazama vidole vyangu.

"Tokea lini?" Bi Zamzam akauliza. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda.

"Zamzam…"

"Nakuuliza tokea lini. Miye naitwa binami yako tangu naota meno."

Ami Mahmoud akashika fimbo, akapanda njia bila kugeuka. Bi Zamzam akanigeukia mimi.

"Mwanangu, umesikia kama nilivyosikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi nimesikia kweli," akasema, akamwita Rehema amshike mkono waingie ndani. Mlango wa kijani ukafungwa, na alasiri iliyofuata haukufunguliwa, wala iliyofuata hiyo.

Hapo kazi ikakwama, na si kwa sababu ya jina peke yake. Maji yote ya njia yangeshukia mlangoni kwake, na sisi hatukuruhusiwa kuyagusa mawe ya zamani. Kilichobaki kilikuwa kupitisha bomba chini ya ua wake, litoke nyuma kwenye wadi. Bila idhini yake hatuingii. Na msimu wa mvua ulikuwa unakuja. Mnajua mvua ya Maskati: haiji miezi na miezi, ikija inataka vyote mara moja. Nyumba zile kuta zake ni za udongo na mawe. Maji yakisimama mlangoni siku nzima, ukuta unakunywa, na ukuta uliokunywa unalala.

Nikapeleka ujumbe na Rehema. Jibu likarudi: "Mwambie hii si njia ya babu yangu tena. Aende kwa wenye njia."

Nikaenda kwa Ami Mahmoud. Wanawe wakaniambia mzee hajisikii vizuri.

Ofisini waliniuliza kila asubuhi, jina liko wapi, bomba liko wapi. Sikuwa na kimoja. Nilizoea matatizo ya barabara: ukichimba unakuta mwamba, unaleta mashine kubwa. Hapa nilichimba nikakuta watu, na sikuwa na mashine yake. Usiku nilikuwa nikimwambia mume wangu, yeye akiniambia, "Si uandike jina lolote?" Mume wangu alikuwa mtu wa benki.

Mwishoni nikaenda mwenyewe, nikagonga. Rehema akanitokea kwanza nje, akauvuta mlango nyuma yake.

"Madam, mama hayuko sawa kabisa," akasema kwa sauti ya chini. "Hali chakula. Juzi ananiuliza eti kwetu Singida watu wanajuaje ukoo wao. Nikamwambia, mama, sisi tunaambiwa tu na wazazi. Akasema, 'Na mimi niliambiwa tu.' Akageukia ukutani."

Nikaingia. Bi Zamzam hakuniamkia kwa jina. Akaniuliza swali kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Weye umesoma. Anayejenga ni yupi, anayeamrisha au anayeinama?"

Nikafikiri. "Mama, wanangu huwaambia wenzao kwamba mama yao kaijenga barabara ya Qurum. Sijapanga jiwe hata moja pale. Wale waliopanga wamerudi kwao, na naamini watoto wao nao husema baba kaijenga barabara ya Maskati."

"Na nani mkweli?"

"Wote, nadhani."

"Basi jina liandikwe la nani?"

"Sijui, mama."

"Serikali inakulipa ujue," akasema, na nikaona kama midomo yake inataka kucheka, lakini haikucheka. Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo mpaka leo. "Si neno mtumwa lililoniuma. Waja wangapi wa Mungu walikuwa watumwa, na wangapi walikuwa na watumwa, wote wamelala udongo mmoja. Lililoniuma ni kwamba yeye alikuwa anajua. Tunakunywa kahawa miaka yote, yeye anajua na miye sijui. Sasa namfikiria kila siku moja moja, najiuliza, siku ile alipocheka alicheka nini?"

Sikumtajia bomba. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua, nikaondoka.

Siku chache baadaye nilikuwa pale na mnyapara, tunabishana kama tuchimbe njia nyingine ya kuzunguka, nikamwona Ami Mahmoud anashuka. Kanzu yake haikupigwa pasi, na yeye ni mtu wa pasi. Akapita mbele yetu bila salamu, akafika mlango wa kijani, akagonga. Haukufunguliwa. Akagonga tena, kisha akauegemea kwa kiganja, akaanza kusema na mbao.

"Zamzam. Najua uko hapo, nasikia unavyokohoa. Nisikilize tu."

Nikataka kuondoka, lakini njia ile ni nyembamba, na kuondoka ningelazimika kumpita mgongoni.

"Baba aliniambia mtumwa," akasema. "Mama akaniambia si kweli. Kasema bibi yako na bibi yangu baba yao mmoja, ndiyo maana tukaitwa jamaa. Mmoja wao kanidanganya, na sijui ni yupi, na wote wawili wamekufa. Nimekaa nayo tangu ujana. Sikukuficha, Zamzam. Sikujua ningekwambia ipi. Siku ile nilipokasirika nikaichukua ile iliyonifaa."

Mnyapara, mtu wa Kerala asiyejua neno la Kiswahili, alikuwa amevua kofia yake.

Kisha sauti kutoka ndani, karibu sana na mlango: "Na kabla hujakasirika ulikuwa unaamini ipi?"

Ami Mahmoud akafikiri kwa unyofu. "Ilitegemea siku," akasema.

Nikajua kwamba jibu hilo si zuri, na nikajua pia kwamba asingeweza kutoa jingine.

"Mwambie muhandisa," sauti ikasema, "mafundi wake wanaweza kuingia. Wasinivunjie mtungi."

Kwake yeye mlango haukufunguliwa siku hiyo. Kwetu ulifunguliwa. Tukalaza bomba chini ya ua, na mtungi haukuvunjika.

Likabaki jina. Nikafikiri sana, nikaona nimepata njia ya busara. Nikaandika kwamba njia ilijengwa na wakaazi wa mtaa. Nikawapelekea nakala wote wawili ili wasije wakashituka. Asubuhi yake nikaitwa chini kwenye mapokezi. Nikashuka, nikakuta Ami Mahmoud na Bi Zamzam wamekaa kwenye kochi moja, na Rehema kasimama nyuma yao na mkoba. Wamekuja kwa gari moja.

"Wakaazi gani?" Bi Zamzam akaanza kabla sijatoa salamu. "Wakaazi hawakuinua hata kokoto!"

"Wakaazi wenyewe walikuwa wakilalamika vumbi," Ami Mahmoud akasema. "Baba alikuwa akisema. Nusu yao walihamia Sidab mpaka kazi ilipokwisha."

"Unawapa watu jasho la wengine, mwanangu."

"Haya," nikasema. "Niandike nani?"

Wakatazamana. Kisha wakaanza upya, pale pale mapokezini, mawe, punda, viganja, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama aite mtu. Nikamwambia alete chai. Nilisimama nikiwatazama wanavyogombana na sikuelewa kama nimeshuhudia suluhu au vita. Hata sasa sina hakika. Najua tu kwamba Bi Zamzam alipotaka kuinuka, alinyoosha mkono upande wa Ami Mahmoud, si wa Rehema, na alipokumbuka akaurudisha.

Bamba likawekwa na majina yote mawili. Halisemi nani alifanya nini. Kwenye Kiarabu limetangulia jina la Sheikh Nasor. Chini yake, kwa Kiingereza, limetangulia la Mzee Feruzi. Ami Mahmoud hasomi Kiingereza, na Bi Zamzam husoma Msahafu tu, kwa hiyo Rehema ndiye aliyemsomea, yale ya Kiingereza. Kila mmoja aliniambia kwa faragha kwamba nimefanya haki. Mkubwa wangu alipoona rasimu yake, kabla halijachongwa, alisema bamba la serikali haliwezi kusema mambo mawili. Nikamjibu kwamba halisemi mambo mawili, linasema kitu kimoja mara mbili. Akaitia saini kwa sababu alikuwa anakwenda safari.

Lakini mawe, nani alipanga meusi na nani alipanga meupe, na kwa nini yakutane mlangoni pale, sikuwahi kujua. Niliwahi kumuuliza Bi Zamzam. Akasema nusu ya juu Mzee Feruzi aliijenga baada ya Sheikh Nasor kufa, kwa hiari yake, bila mtu kumwamrisha. Nikafurahi, nikadhani nimepata. Ami Mahmoud akasema Sheikh Nasor aliishi muda mrefu baada ya njia kwisha, na kaburi lake liko pale, nikatazame. Nikaenda kutazama. Maandishi yamefutika.

Mvua ilikuja kabla sijastaafu. Ilianza alfajiri, na baada ya sala nikatia viatu vya mpira nikaendesha kwenda Matrah. Nilikuwa na sababu ya kikazi kabisa. Ofisini walitaka kujua kama bomba jipya linavuta, au maji yatasimama mlangoni, au pengine, kama Bwana Harith alivyokuja kudhani baadaye, mawe yenyewe yana mahali pa kuyapeleka ambapo sisi hatukupaona. Nikaacha gari sokoni, nikaingia kwa miguu. Maji yalikuwa yanashuka kutoka pande zote mbili, meupe kwa povu, na mawe meusi yanang'aa chini yake.

Mbele ya mlango wa kijani alikuwapo Ami Mahmoud. Kaipandisha kanzu mpaka magotini, miguu mitupu, miembamba kama ya ndege, maji yamefika vifundoni, na mkononi kashika ufagio wa makuti. Anayasukuma maji kutoka kizingitini. Anasukuma, yanarudi, anasukuma tena. Rehema kamshika kiwiko, na yeye anamfukuza.

Dirisha likafunguliwa.

"We Mahmoud! Una wazimu? Yana bomba hayo, muhandisa kaweka bomba!"

"Sina imani na bomba!"

"Utaanguka uvunjike, nani atakuuguza?"

"Nikivunjika nitaugulia kwako. Kwangu ni mbali!"

Mvua ikawa inampiga Bi Zamzam usoni, wala hakufunga dirisha. Akamtazama anavyohangaika na ufagio ule. Kisha nikaona mlango unafunguliwa kutoka ndani, polepole, kwa mtu ambaye kuufungua kwake ni kazi, na yeye mwenyewe kasimama kizingitini ameshikilia mwimo, miguu yake nayo imo majini.

"Ingia ndani, binami," akasema. "Kahawa ipo."

Akaingia. Rehema akaokota ufagio uliokuwa unaelea, akaingia, akafunga.

Nikabaki nje peke yangu na mwavuli ambao nilikuwa nimesahau kuufungua. Niliporudi ofisini wakaniuliza, maji yamekwenda wapi, yamevutwa na bomba au yamepita kwenye mawe? Wote wananitazama, kalamu mkononi. Ikabidi niwaambie ukweli, kwamba nimesimama pale mvua nzima na sikutazama.